Choo ni changu, kiwanja ni changu: bwana afya ana mamlaka gani kwangu?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina nyumba ya vyumba vinane hapa Dodoma, nje kidogo ya mji, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Viwili naishi na wanangu, sita nimepangisha, na barazani nauza chakula: wali, ugali, maharage na mlenda. Choo ni kimoja, cha shimo, tunatumia wote. Kilijaa tangu mwaka juzi. Mvua zilipoanza fundi alitoboa ukuta wa shimo kwa nyuma, maji yake yakawa yanatoka kuelekea korongoni, na tangu hapo hakitusumbui. Mwezi uliopita walikuja watu watatu: mmoja alisema ni bwana afya, mmoja mtendaji, wa tatu hakujitambulisha. Waliingia mpaka uani wakasema choo hakifai, nichimbe kingine ndani ya siku 14, la sivyo nyumba na biashara vinafungwa. Mimi na binti anayenisaidia kupika twende tukapime afya. Hawakuacha karatasi. Jioni yule wa tatu alirudi peke yake, akataka elfu hamsini ili mambo yaishe. Nilimpa ishirini, risiti sikupata. Jirani yangu aliyesoma ananiambia kiwanja kina hati, choo kiko ndani ya uzio wangu, hakuna wa kuniamrisha. Je, hayo mamlaka wanayo kweli? Yametoka wapi? Na nikikataa?*

Pole dada, na pole kwa kuachiwa mzigo wa nyumba peke yako. Naona umechanganya mambo mawili, na nafikiri waliokujia ndio waliokuchanganyia. Kuna choo, na kuna ile elfu ishirini. Kuhusu choo, serikali inayo mamlaka ya kukuagiza ukirekebishe, na mamlaka hayo ni makubwa kuliko jirani yako anavyodhani. Kuhusu elfu ishirini, hakuna sheria ya nchi hii inayomruhusu mtu asiyejitambulisha kurudi jioni kuchukua fedha mkononi. Hili la pili halifuti la kwanza. Watu wengi wakishadaiwa fedha za kifichoni huhitimisha kwamba zoezi zima lilikuwa ulaji, wakaacha choo kilivyo. Nakuomba usifike huko.

Nianze na hati, maana ndiyo ngao aliyokupa jirani. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ulichonacho wewe ni haki ya kuimiliki na kuitumia, nayo huja na masharti. Ukiisoma hati yako hadi mwisho utakuta mengine yanahusu ujenzi na matumizi ya kiwanja. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 24, inalinda mali yako, na ibara ya 16 inalinda faragha ya nyumba yako. Lakini ibara ya 30 inasema haki hizo hazizuii kutungwa kwa sheria yenye lengo la kulinda mambo ya wote, na miongoni mwa yaliyotajwa humo kwa jina ni afya ya jamii. Jirani yako amesoma ukurasa mmoja wa habari yenye kurasa mbili.

Hata hivyo sipendi ukubali kwa sababu tu Katiba imesema. Ni vizuri ujue kwa nini imesema hivyo, na sababu iko pale korongoni.

Unaposema choo kiko ndani ya uzio wako, ni kweli kwa kuta na mlango. Kilichomo shimoni hakijakaa ndani ya uzio tangu siku fundi alipotoboa. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata takribani milimita 500 hadi 600 tu. Mvua hiyo haiji kidogo kidogo. Hushuka kwa nguvu juu ya ardhi iliyokauka na kushikana kwa miezi saba, maji yasipate pa kuzama, yakateleza yote kuelekea makorongoni. Choo kinachotapishwa wakati huo hakioshwi na mvua kama mafundi wanavyowaambia wenye nyumba. Kinasambazwa. Kinyesi cha watu wa vyumba vinane kinapita mbele ya milango ya walio chini ya mteremko, pale watoto wanapochezea, kisha kinatua kwenye mchanga wa korongo. Kiangazi kikifika na maji ya bomba yakawa ya mgao, kuna wanaochimba mchanga huo huo kuchota maji ya kufulia, ya mifugo, na wengine ya kunywa. Shimo la mchangani lililo wazi halina kinga yoyote.

Sasa angalia vinavyosafiri humo. Bakteria wa kipindupindu huingia kwa mdomo, hukaa kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji ya mwili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kula au kunywa kilichochafuliwa. Ila jambo linalonifanya niiunge mkono sheria ni hili: wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, au wanaharisha kidogo tu, na bado wanatoa vimelea kwenye kinyesi chao kwa siku 1 hadi 10. Mpangaji wako anaweza kuwa mzima, anaenda kibaruani na kurudi, huku shimo lako likimpelekea ugonjwa mtoto wa nyumba ya sita kutoka kwako. Wewe hutajua. Mama wa mtoto huyo naye hatajua ugonjwa ulikotoka. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwa maelewano ya majirani: anayesababisha haoni, na anayeumia hajui amlalamikie nani.

Homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Mayai ya minyoo ya mviringo hukaa hai kwenye udongo kwa miezi, hata miaka. Na kwa sisi wa mikoa ya kati kuna trakoma, ugonjwa wa macho uliowapofusha bibi na babu zetu wengi. Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu wa Dodoma, imekuwa mahali pa utafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980. Nzi anayependa kutua usoni mwa mtoto na kubeba vimelea vya trakoma hupenda kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi, kuliko kilicho ndani ya shimo lililofunikwa. Choo kinachovuja kinamtengenezea makazi.

Halafu kuna maji ya chini ya ardhi. Mji wetu kwa miongo mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, kule Mzakwe, na mitaani watu wengi wamechimba vyao. Tunaishi juu ya maji tunayokunywa. Wataalamu wengi hutumia umbali wa angalau mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, choo kikiwa upande wa chini wa mteremko, kwa sababu udongo unahitaji nafasi na muda wa kuchuja. Penye miamba yenye nyufa hata mita 30 huenda zisitoshe, na hapo ndipo anahitajika mtu wa kuja kuangalia eneo lenyewe.

Mamlaka yametoka wapi, basi. Juu kabisa ni Bunge, lililotunga Sheria ya Afya ya Jamii, Na. 1 ya mwaka 2009. Hiyo ndiyo inayozungumzia vyoo, majitaka, taka, maji, nyumba za biashara ya chakula na magonjwa ya kuambukiza. Chini yake Waziri wa Afya hutunga kanuni zenye maelezo ya kina. Pembeni yake ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kwa uchafuzi mkubwa zaidi, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 kwa mamlaka za maji kama DUWASA, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo inafanya uchafuzi wa maji yanayotumiwa na watu kuwa kosa la jinai. Kisha kuna halmashauri. Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, halmashauri yake iliendelea na mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, Sura ya 288. Sheria ndogo za usafi, zile zinazotaja ada ya taka, vyoo vya biashara, kufagia mbele ya duka na mengineyo, hutoka huko.

Sheria ndogo haiandikwi ofisini na mtu mmoja. Wananchi hutangaziwa kusudio ili watoe maoni, madiwani huipitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, na huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Isipopita njia hiyo haina nguvu. Na hata iliyopita njia hiyo haiwezi kukiuka sheria ya Bunge wala Katiba. Nakuambia haya ili ujue kwamba bwana afya aliyesimama uani kwako hatungi kitu. Anatekeleza kilichotungwa, na unayo haki ya kumuuliza kwa heshima: hili ni kwa sheria gani, kifungu gani? Afisa anayejua kazi yake hakasiriki akiulizwa hivyo.

Kuhusu kuingia uani, afisa afya aliyeidhinishwa anaruhusiwa kukagua eneo kwa saa za kawaida. Hilo si uvamizi. Ajitambulishe na aonyeshe kitambulisho, na ni vizuri awepo kiongozi wa mtaa. Mtu wa tatu asiyejulikana ni nani, huna wajibu wa kumwingiza.

Akikuta kero ya kiafya, na choo kinachotoa majitaka nje ni kero bila ubishi, hatua yake ya kwanza inayotakiwa ni notisi ya maandishi kwa aliyeisababisha au mwenye nyumba: kero ni ipi, ifanyike nini, ndani ya siku ngapi. Usipotekeleza, jambo linakwenda mahakamani. Mahakama ndiyo inayoweza kukutia hatiani na kutoa amri, na halmashauri inaweza kufanya kazi yenyewe kisha ikakudai gharama. Sheria ndogo nyingi zina njia fupi pia, inayoitwa kufifilisha kosa: mkosaji anakiri kwa maandishi kwenye fomu maalumu, analipa kiasi kilichotajwa kwenye sheria, kesi haiendi mbele. Angalia vizuri: kuna maandishi, kuna kiasi kinachojulikana, kuna namba ya malipo ya serikali unayolipia benki au kwa simu, kuna risiti. Elfu hamsini inayoshuka hadi ishirini kwa kubembelezana haimo humo.

Kile ulichotoa kinaweza kuitwa rushwa, na kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa naye anaweza kuulizwa. Sikutishi. Ulitoa kwa hofu, ukidhani unatii. Lakini usiongeze hata shilingi, na usikae kimya. Piga TAKUKURU namba 113, bila malipo, au nenda ofisini kwao ueleze kama ulivyonieleza mimi: siku, saa, sura yake, alisema nini. Kama hutaki kuanzia huko, muone mkuu wa idara ya afya wa halmashauri umuulize kama mtu huyo ni wa kwao. Huenda si mtumishi kabisa. Wapo wanaofuata nyuma ya ukaguzi halali kuvuna kwenye hofu.

Na hayo maneno kwamba nyumba na biashara vitafungwa? Kufunga sehemu ya chakula yenye hatari ya wazi ni jambo ambalo sheria inalitambua, hasa wakati wa mlipuko, na baraza lako liko hatua chache kutoka choo kinachovuja. Hapo usibishane sana. Lakini kuwatoa wapangaji wako sita kwenye vyumba vyao ni hatua nzito isiyofanyika kwa kauli ya mtu uani. Ikitajwa tena, omba amri ya maandishi na uonane na wakili au msaidizi wa kisheria kabla siku hiyo haijafika.

Kwenye kupima afya hapa niseme kidogo zaidi, maana najua mama lishe wengi huliona ni usumbufu wa kutafutiwa fedha. Utaratibu uliozoeleka nchini ni anayeshika chakula cha kuuza kupimwa kila miezi 6, kwa kulipia, na kupewa cheti. Sababu yake ni wale watu wazima wanaobeba vimelea bila kuumwa. Mfano unaojulikana duniani ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907 kuwa anabeba vimelea vya homa ya matumbo na kuambukiza familia alizozipikia, ilhali mwenyewe hana hata homa. Alifungiwa, akaachiwa mwaka 1910 kwa sharti la kutopika tena, akarudi jikoni, akakamatwa tena mwaka 1915 na kubaki kizuizini hadi alipofariki mwaka 1938. Mimi habari hiyo huniuma pande zote mbili. Serikali ilikuwa na sababu ya kumzuia kupika. Lakini walikuwepo wabebaji wengine waliojulikana ambao hawakufungiwa maisha, na yeye, mwanamke mhamiaji maskini, hakupewa njia nyingine ya kueleweka ya kuishi. Mamlaka ya afya yakitumika bila kipimo humwangukia zaidi asiye na mtetezi.

Kwa hiyo nendeni mkapime, wewe na binti. Kwa kawaida mtatoa sampuli ya kinyesi na kujibu maswali machache kuhusu kikohozi, vidonda na kuharisha. Kipimo cha virusi vya ukimwi si sehemu ya sharti hilo. Havienezwi kwa chakula, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima nje ya mazingira machache iliyoyataja. Ukiambiwa ni lazima ili upate cheti cha kupika, kataa kwa amani na uombe kuonana na mkubwa wa kituo.

Sasa choo chenyewe. Kwanza ziba lile tundu la nyuma, wiki hii, hata kabla hujajua utafanya nini baadaye. Mwambie fundi alizibe kwa tofali na saruji, na pale majitaka yalipotuama mwagieni chokaa na kufukia kwa udongo, mkiwa na mabuti na glavu, watoto wakiwa mbali. Asiingie mtu shimoni kwa sababu yoyote. Gesi za humo huua haraka, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza hufa naye.

Tundu likishazibwa shimo halitapokea watu wengi tena, hivyo kuna njia nne za kupima. Ya haraka ni gari la kunyonya majitaka, la DUWASA au la mtu binafsi, mradi una uhakika linamwaga kwenye mabwawa ya majitaka na si porini. Uliza kwanza kama shimo limejengewa kuta. Shimo lisilojengewa likinyonywa lote linaweza kubomoka, na lililojaa chupa, nguo na nepi haliwezi kunyonyeka. Chumvi na dawa zinazouzwa kushusha choo hazikuondolei mzigo huo. Njia ya pili ni kuchimba shimo jipya na kulifukia la zamani. Ni rahisi kuielewa, lakini kwa watu wa vyumba vinane utarudi hapo hapo, na kiwanja kina mwisho.

Njia ninayoipendekeza kwa nyumba kama yako ni mashimo mawili yaliyojengewa, yanayotumika kwa zamu. Moja likijaa unalifunga na kuhamia la pili, na la kwanza linakaa mwaka mmoja au miwili bila kuguswa. Ukame wetu unasaidia hapa. Kilichomo kinakauka na vimelea vingi vinakufa, na kazi ya kulizoa inakuwa salama zaidi na nafuu. Ya nne ni karo la septiki, yaani tangi la chini ya ardhi linalotenganisha uchafu na maji, lenye shimo la kuzamishia maji hayo ardhini. Ni zuri kama una maji ya uhakika na udongo unaonyonya, ila penye udongo mweusi wa mbuga au mwamba karibu na uso wa ardhi litakusumbua. Kabla ya yote uliza ofisi ya DUWASA kama bomba la majitaka linapita karibu na mtaa wenu. Mtandao huo haujafika sehemu kubwa ya mji, lakini kama umefika kwenu, hesabu zote zinabadilika.

Choo chochote utakachojenga kiwe na sakafu inayosafishika, kuta na paa, mlango unaofunga kwa ndani, mfuniko wa tundu kama si cha maji, na mahali pa kunawa mikono penye maji na sabuni. Hivyo ndivyo bwana afya atakavyokagua. Na kwa wapangaji sita pamoja na wateja wa chakula, tundu moja ni pungufu. Yafanye mawili. Wapangaji wana wajibu wa kukisafisha na kutotupa taka ndani, ila shimo, kuta na mlango ni juu yako mwenye nyumba, na kodi unayopokea ndiyo inayokubebesha wajibu huo.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Serikali yenyewe ina deni hapa. Si haki kumpa mjane siku 14 ajenge choo huku hakuna mkopo wala ramani wala fundi wa kumshauri. Si haki kumtoza faini mwenye genge kwa taka ambazo gari la kuzoa halijapita. Dodoma imejaa watu kwa kasi tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku, na huduma zimekuwa zikikimbizana na watu hao. Tena wazee wetu wana kumbukumbu nyingine: enzi za ukoloni, katika miji mingi ya Tanganyika, kanuni za usafi zilitumika kutenga mitaa ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, na Mwafrika ndiye aliyebomolewa. Woga wa bwana afya una historia.

Lakini ninayo pia kumbukumbu ya upande mwingine. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujisomea vijijini, na watu wakachimba vyoo kwa wingi kwa sababu walielezwa kwa nini. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani, sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa na Rais Magufuli ili nchi nzima ifanye usafi. Yote mawili ni mamlaka ya serikali. La kwanza linadumu zaidi, na ningetamani waliokuja kwako wangeanza nalo: wangekaa nawe dakika kumi wakueleze maji ya korongoni yanakwenda wapi.

Ukikataa, dada, utashindwa. Ukifika mahakamani na picha ya choo kinachotiririsha, hakuna hati itakayokutetea. Ukitekeleza huku ukidai utaratibu, uko mahali pazuri. Kama baadaye utaletewa samansi, au adhabu isiyo kwenye sheria yoyote, hapo tafuta wakili. Usipoweza kumlipa, kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwao. Kama kuna mtu nyumbani ataanza kuharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, yote haya yasubiri: kituo cha afya mara moja, mkimnywesha dawa ya chumvichumvi (ORS) ya kuongezea maji mwilini njia nzima, na mkitaka ushauri wa haraka pigeni 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya.

Choo chenyewe mimi siwezi kukiona kutoka hapa. Aina ya udongo, umbali wa visima vya majirani, mwelekeo wa mteremko, hali ya kuta za shimo, vyote vinahitaji macho. Kwa hiyo mwite mwenyewe afisa afya wa kata, mchana, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, kabla zile siku hazijageuka kuwa kesi. Akija, awe amekutana na tundu lililozibwa na fundi akipima mashimo mapya. Mwombe akuandikie notisi yenye kifungu cha sheria, na umkabidhi barua yako kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwake. Iwe fupi: umeziba uvujaji tarehe fulani, umechagua ujenzi wa aina gani, fundi ni nani, unaomba muda hadi lini, na wakati huo utatumia gari la kunyonya. Omba muda unaoweza kuutimiza kweli, miezi miwili au mitatu, na umalize kabla ya Desemba. Weka picha za kazi iliyofanyika. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.